Msitu Hauna Kosa

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma habari za magonjwa na dawa zake. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo haliuzwi dukani wala haliandikwi kwenye cheti cha daktari. Nalo ni kuwaacha watoto wetu watembee, wapande mlima, waingie msituni na wazee wao, na warudi nyumbani jioni wakiwa na njaa na matope miguuni. Mimi si mganga. Ni mzazi tu, na haya niliyoyajua nimeyajua baada ya kukosea.

Familia yangu inaishi Korogwe mjini. Bibi yao watoto, yaani mama yangu mzazi, yuko Vugiri, kule juu mlimani. Anayeijua njia hiyo anajua ninachosema. Unaliacha joto la Korogwe na mashamba ya mkonge ya bondeni, barabara inaanza kujipinda, masikio yanaziba, na baada ya muda unaviona vichaka vya chai na msitu wa Ambangulu umejifunika ukungu. Mwezi wa Juni mtu wa bondeni hulala huko na sweta mwilini.

Kila likizo watoto wetu watatu walikuwa wakipanda kwa bibi yao. Walichota maji kijitoni, walikwenda shambani, waliingia msituni na binamu zao, na jioni walikaa jikoni kusikiliza hadithi. Mimi na mama yao tulifurahi, maana nasi tulilelewa hivyo.

Kilichotupata

Likizo moja ya Juni, siku ya sita tangu wapande, mwanangu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alirudi kutoka msituni ameloa chepechepe. Usiku akaanza kutetemeka. Bibi yake alisema ni baridi. Jirani mmoja alisema mtoto amepita mahali penye miti ya wazee bila kuaga. Nami nilipopigiwa simu nilisema kwa uhakika kabisa, kama kwamba nimesomea udaktari, kuwa ni mvua aliyonyeshewa. Basi mtoto akafunikwa mablanketi, akapewa chai ya tangawizi na vidonge vya kutuliza maumivu. Ikapita siku moja. Ikapita ya pili. Siku ya tatu akaanza kutapika na kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo ndipo mjomba wake alipompakia kwenye pikipiki na kumpeleka zahanati.

Walimpima damu. Ilikuwa malaria, na tayari ilikuwa imekuwa kali. Wakampa huduma ya kwanza, kisha wakamteremsha hospitali. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini sitausahau usiku ule nilioketi kando ya kitanda chake nikihesabu pumzi zake.

Mwuguzi mmoja aliniuliza swali rahisi: "Mtoto alipanda Vugiri lini?" Nikamjibu. Akahesabu kwa vidole, akasema: "Basi, baba, mbu aliyemwuma mtoto huyu ni wa nyumbani kwako mjini, si wa msituni." Akanieleza kwamba vijidudu vya malaria vikishaingia mwilini hukaa kwanza kwenye ini na kuongezeka huko kimyakimya. Kwa kawaida homa huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Mtoto aliyepata homa siku ya sita baada ya kupanda mlima alikuwa amekwenda na ugonjwa wake tangu nyumbani. Mvua, baridi na msitu havikuwa na kosa.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili limechunguzwa sana hapa kwetu. Watafiti wa malaria katika milima ya Usambara walilinganisha vijiji vya bondeni na vya juu, wakaona kwamba kadiri unavyopanda ndivyo uambukizaji unavyopungua, mpaka tofauti kati ya chini na juu inakuwa kubwa mno. Sababu ni baridi. Mbu wanaoeneza malaria hupungua, na hata vijidudu vyenyewe hukua polepole ndani ya mbu hali ya hewa ikiwa ya ubaridi. Lakini jambo hilo lina upande wa pili, na kila mzazi wa Vugiri na aujue: mtoto aliyekulia juu hana kinga kama ya mtoto wa bondeni. Akiteremka Korogwe au Handeni kusoma au kutembelea ndugu, malaria inaweza kumwangusha vibaya kuliko mwenyeji.

Kosa langu la pili

Ungedhani baada ya maelezo hayo ningenunua chandarua kipya na kuwaacha watoto waendelee kupanda mlima. La hasha! Hofu haisikilizi hesabu. Nilitangaza nyumbani kwamba Vugiri imekwisha. Likizo iliyofuata watoto walibaki mjini, geti limefungwa, na ili wasinung'unike niliwapa simu yangu ya zamani na kuwaachia televisheni. Nikajiona baba mwangalifu.

Mwaka ule watoto wangu walibadilika. Sisemi waliugua. Waliishi, walikula, walikwenda shule. Lakini yule wa pili, aliyekuwa mwulizaji wa maswali mpaka unachoka, aliacha kuuliza. Usiku hakupata usingizi, asubuhi hakutaka kuamka. Ukimtuma dukani analalamika jua. Dada yake mkubwa alianza kushika kitabu karibu na pua. Mdogo wao, aliyekuwa na miaka minne, alilia kila mara simu ilipoisha chaji.

Krismasi ikafika, na bibi yao akateremka kututembelea. Siku ya pili alipoingia chumba cha watoto kutandika vitanda alikuta chandarua kina matundu mawili yanayopitisha ngumi. Alinifuata barazani akakishika mkononi, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, umemficha mtoto asiuone msitu, ukamwacha chumbani na mbu."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Wengi wetu tunaogopa tusichokijua na kukizoea kinachotuua. Tunaogopa msitu, mto, jua na upepo. Chandarua kibovu hatukioni, wala mbwa wa jirani asiyechanjwa, wala barabara kuu inayopita mbele ya nyumba.

Mwili wa mtoto unadai nini

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuuchosha mwili: kukimbia, kuruka, kupanda, kucheza mpira. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 mwongozo wa mwaka 2019 ni mkali zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja asitazamishwe televisheni wala simu kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na acheze na kutembea si chini ya saa tatu kwa siku. Nilipopima wangu nilikuta mizani imegeuzwa: saa tatu za simu, na saa moja ya kucheza kama ipo.

Kuhusu macho, liko jambo ambalo wazazi wengi hatujalisikia. Katika mji wa Guangzhou, nchini China, shule 12 zilifanyiwa uchunguzi uliotolewa mwaka 2015. Shule 6 ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku, nyingine 6 zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, katika shule za kawaida karibu watoto 40 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali. Katika zile zilizowatoa watoto nje walikuwa kama 30. Hakuna dawa waliyopewa. Ni mwanga wa mchana tu. Dakika 40 ni mwendo wa kwenda kijitoni na kurudi.

Jua hilohilo huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, inayoimarisha mifupa. Mtoto anayefungiwa ndani muda mrefu na kula vibaya anaweza kupata matege. Aidha, mtoto aliyechoka kwa kutembea hulala vizuri na hula bila kubembelezwa. Bibi wa Vugiri wamelijua hilo kabla ya watafiti.

Msitu ni darasa

Afya ya mtoto si mwili peke yake. Mtu hukua pia akilini na moyoni, na hapa ndipo ninapotaka tuongee kwa upana.

Wengi wetu tunapima masomo kwa idadi ya madaftari. Mtoto akitoka shule anakwenda masomo ya ziada, likizo anakwenda masomo ya ziada, hata Jumamosi. Wengine huwapeleka bweni wakiwa hawajui kufunga kamba za viatu. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi la nne, ili watoto wadogo walelewe na familia zao. Nilifurahi. Lakini mtoto akirudi nyumbani na kukuta mlango wa familia umefungwa kwa televisheni, tumefanya nini?

Hebu fikiri mtoto anajifunza nini akipanda mlima na bibi yake. Anajifunza kwamba mkulo una harufu yake, na kwamba mbegu za msambu hutoa mafuta. Anajifunza kwamba maji yanatoka wapi kabla hayajafika bombani. Akisimama ukingoni siku isiyo na ukungu, anaona jinsi nchi ilivyopangwa: hapa mlima, pale bonde, kule nyanda zinazoelekea Handeni. Ramani ya shuleni inapata maana.

Tena msitu huo si wa kawaida. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani mbegu za mimea midogo yenye maua ya zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliipa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo limo madirishani mwa nyumba nyingi Ulaya na Marekani. Watu wa huko humwagilia ua la Usambara kila asubuhi, na mtoto wa Korogwe hajaliona hata siku moja kwenye mwamba wake lilikoota.

Au chukua kinyonga. Watoto wetu wengi wakimwona humpiga mawe, maana tumewatia hofu. Kumbe milima hii ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani. Mwaka 2006 wataalamu walipohitaji jina la kisayansi kwa jamii moja ya vinyonga wa Afrika Mashariki, walichukua neno letu la Kiswahili wakaiita Kinyongia. Mwanangu nilipomwambia hivyo, swali likarudi mdomoni mwake kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima: "Baba, walimwuliza nani hilo jina?"

Historia nayo imo njiani. Wasambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, upande wa Handeni, akafukuzwa na ndugu zake na kuishi porini mpaka akafika Usambara na kuwa mfalme huko Vugha. Abdallah bin Hemedi aliziandika katika Habari za Wakilindi. Mbegha alipokelewa kwa sababu alijua kuwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu. Ujuzi wa porini uliokoa maisha yake ukawasaidia na wengine. Hadithi hiyo ukiisimulia mkiwa mnapanda mlima, mtoto haisahau.

Wazee wa Kisambaa wana neno: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu nchi. Kwao afya ya ardhi, mvua, mazao na watu ilikuwa jambo moja. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha jambo la karibu sana na hilo: kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hakitenganishwi. Lakini ni nani ataiponya nchi asiyoijua? Mtoto asiyewahi kunywa maji ya chemchemi hatauma meno siku mti wa chemchemi utakapokatwa.

Mfano mkubwa ni mama Wangari Maathai wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Nyeri. Alipokuwa mdogo alicheza kijitoni karibu na mti wa mkuyu, akistaajabia mayai ya chura kama shanga. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, maana watu wao waliuheshimu kama mti wa Mungu. Baadaye alisomeshwa na masista wa Kikatoliki, akaenda hadi vyuo vikuu. Aliporudi akakuta mkuyu umekatwa na kijito kimekauka. Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Shule ilimpa elimu. Kumbukumbu ya kile kijito ndiyo iliyomwonyesha kazi ya kuifanyia.

Wasichana je?

Naomba niseme jambo ambalo akina baba wenzangu hawatalipenda. Tunaposema "watoto watoke nje", mara nyingi tunamaanisha wavulana. Wavulana huenda kutega ndege, kuogelea na kutafuta matunda ya mwitu. Msichana naye hutoka nje, lakini ana ndoo kichwani au mzigo wa kuni mgongoni, na akirudi anapika. Yeye msitu anaujua kama kazi tu. Mama yangu aliniambia kwamba alipita karibu na mwamba mmoja miaka mingi akibeba kuni bila kuupanda hata siku moja, kwa sababu hakuwa na nafasi. Kazi za nyumbani ni malezi mema, sikatai. Lakini zigawanywe kwa wote, na msichana naye apate siku ya kupanda mwamba bila ndoo.

Tusifunge mlango, tutafute mwenzi

Sasa mtu ataniuliza: hatari je? Hatari zipo, wala si za kudharau. Lakini tuangalie Maandiko yanatufundisha nini. Katika Kitabu cha Tobiti, yule mzee kipofu alimtuma mwanawe wa pekee safari ndefu. Mama alilia. Baba hakumzuia kijana kwenda, wala hakumwacha aende peke yake. Alimwambia kwanza atafute mtu wa kuaminika wa kufuatana naye, na akamhoji mtu huyo ukoo wake kabla ya kumkubali. Hakujua kwamba ni malaika Rafaeli. Njiani kijana alishambuliwa na samaki mkubwa mtoni. Alitishika, lakini mwenziwe akamwelekeza amshike. Nyongo ya samaki yuleyule ndiyo iliyomfumbua macho baba yake. Kijana aliondoka akiwa mtoto, akarudi na dawa ya nyumba nzima.

Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wazazi wa parokia zetu. Mlango usifungwe kwa kufuli, wala usiachwe wazi usiku na mchana. Tumtafutie mtoto mwenzi wa safari, mtu mzima tunayemjua.

Mambo ya kuzingatia

1. Malaria. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, bondeni na mlimani. Akipata homa, hasa kama ametoka bondeni wiki chache zilizopita, apimwe siku hiyohiyo. Usiseme ni baridi. Akikutwa na malaria amalize dawa zote alizoandikiwa, hata kama amepata nafuu.

2. Nyoka. Watoto wavae viatu, wapige nyasi kwa fimbo mbele yao, wasitie mkono kwenye shimo wala chini ya gogo. Aliyeumwa atulizwe, asitembee wala kukimbia, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, avuliwe pete, bangili na viatu, apelekwe hospitali mara moja. Usimchanje, usimnyonye sumu, usimfunge kamba ya kukaza. Na lile jiwe jeusi ambalo wengi wetu tumelijua, hata kupitia baadhi ya misheni zetu, wataalamu wa leo hawalikubali. Linapoteza muda ambao mtoto anauhitaji.

3. Maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto asiingie mtoni bila mtu mzima anayemtazama kwa macho, si anayesikia sauti yake tu. Maji ya bondeni yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, wasioge humo.

4. Mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kuchanjwa bila kungojea kuona mbwa atafanyaje. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakina tiba.

5. Matunda, uyoga na panya. Mtoto asile uyoga wala tunda ambalo mtu mzima hajalitambua. Mbegu za mbarika, yaani nyonyo, ni sumu ingawa zinapendeza machoni. Panya aliyekufa asiguswe. Ndugu zetu wa Lushoto waliteswa na tauni kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1980.

6. Miguu. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu mitupu, na funza hali kadhalika. Viatu vya kutembelea si anasa.

7. Ukungu. Mlimani ukungu hushuka ghafla. Wafundishe watoto kusimama pamoja mahali walipo na kuita, badala ya kutawanyika kutafuta njia.

8. Watu. Hatari kubwa kuliko nyoka yaweza kuwa mtu anayefahamika. Mjue anayeongozana na mtoto, waende zaidi ya wawili, na mtoto azoee kukusimulia kila kitu bila kuogopa kupigwa. Ukiona dalili ya kutendewa vibaya, usinyamaze kwa kulinda jina la ukoo. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni namba 116.

Kwa parokia zetu

Nina pendekezo moja. Jumuiya ndogondogo zetu hukutana kila wiki kusali. Kwa nini mara moja kila mwezi, Jumamosi, tusiwachukue watoto wa jumuiya kwa safari ya miguu? Si lazima iwe mbali. Wazee wawili wanaojua miti, mama mmoja anayejua huduma ya kwanza, chupa za maji ya kuchemsha, mihogo ya kuchemsha, na sala mwanzoni na mwishoni. Haihitaji mfadhili. Kule Dar es Salaam, mwaka 1991, wanafunzi 12 walianza na mama Jane Goodall kikundi cha kuhifadhi mazingira cha Roots & Shoots, ambacho baadaye kilienea nchi nyingi. Walianza wakiwa 12 tu. Jumuiya gani haina watoto 12?

Ndugu msomaji, mwaka uliofuata tulinunua vyandarua vipya vitatu, nasi tukapanda Vugiri wote, mimi na mama yao tukiwemo. Nilikuwa sijaingia msitu ule kwa miaka mingi. Niligundua kwamba majina ya miti nimeyasahau, na mwanangu ndiye aliyekuwa akinikumbusha. Tulinyeshewa mvua siku ya tatu. Moyo wangu ulidunda, sikatai. Tulifika jikoni tukakausha nguo, bibi akatupa uji wa moto, na usiku nilipitia vitanda vyote vitatu kuhakikisha vyandarua vimechomekwa chini ya godoro. Kisha nikalala.

Tuwaombee watoto wetu ulinzi wa Malaika Rafaeli, msimamizi wa wasafiri na wagonjwa. Na tukishasali, tuwafungulie mlango, tutoke nao.